Ungo Umetua kwa Bibi: namna ya kutengeneza filamu fupi ya sayansi ya kubuni kwa simu, ukiwa Moshi

Uru, juu ya Moshi mjini, kuna kihamba, shamba la ukoo la Kichagga, chenye migomba iliyosongamana na mfongo, mfereji wetu wa asili, unaopita nyuma ya jiko. Hapo ndipo sisi vijana saba tulipomtua mgeni kutoka sayari nyingine, kwa simu moja, ungo wa king'amuzi uliokufa na siku nne za kushuti. Filamu ina dakika 11. Mgeni anashuka na picha ya mwaka 1912 ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ametumwa na wakubwa wake kuchota barafu. Anautazama mlima, anaitazama picha, kisha anamgeukia bibi mwenye shamba: "Shikamoo. Nyingine mmeiweka wapi?"

Watu walicheka. Halafu wakageuza shingo kuutazama mlima. Nitaeleza tulivyofanya, na pale tulipoharibu nitasema tuliharibu nini, ili wewe uharibu vitu vipya.

1. Anza na swali la kijinga

Filamu nyingi za kuhifadhi mazingira unazijua hata kabla hazijaanza. Baba anakata mti, ukame unakuja, mtaalamu mwenye tai anasimama kuhutubia, na kufikia hapo nusu ya watazamaji wameshatoka kununua mihogo. Uzuri wa mgeni wa anga au roboti ni kwamba ana ruhusa ya kuuliza kile ambacho jirani yako angeona aibu kukuuliza. Hajui chochote, kwa hiyo hakutukani.

Chagua kitu kimoja kinachoonekana ukisimama mlangoni kwako. Sisi tulichagua barafu kwa sababu kila asubuhi tunaiona. Ukiwa Arusha unaweza kumshusha roboti kando ya Mto Themi akiwa na kitabu cha picha za samaki, awe anamuuliza kila mpita njia samaki wa ukurasa wa tatu wanauzwa wapi. Au mtumishi wa makumbusho ya anga aje kutafuta mfuko mmoja wa plastiki wa kuweka kabatini. Mifuko ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, kwa hiyo anauliza kwa kunong'ona dukani kama anayenunua magendo, huku nyuma yake mtaro umejaa chupa za maji ambazo hana haja nazo. Kitu kimoja tu. Ukichanganya barafu, plastiki, mkaa na nyuki kwenye dakika 10, umeandika silabasi.

Tulijiwekea sheria: mhusika akitamka neno "mazingira", aliyeandika sini hiyo ananunua soda. Nilinunua soda nne wiki ya kwanza. Baada ya hapo skripti ikaanza kupumua.

2. Sayansi ikae sawa kabla ya vichekesho

Hapa usiharakishe. Mtazamaji wa huku anaujua mlima wake, na uongo mmoja mdogo utaharibu utani wote.

Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini mgeni ana picha ya zamani? Jibu tulilipata kwenye fizikia ya sekondari. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, lakini nyota ziko mbali kiasi kwamba tukizitazama tunaona habari zao za zamani, na aliye huko akitutazama anaona za kwetu za zamani. Mtu aliye umbali wa miaka ya nuru 110 na ushee, akielekeza darubini yake huku leo, anaiona Kibo ya 1912. Kwa hiyo mgeni wetu si mjinga, taarifa zimemfikia zikiwa zimechelewa. Amefikaje haraka hivyo? Njia ya mkato. Hadithi ya sayansi inavumilia uongo mmoja mkubwa, na wetu ndio huo. Ukiongeza wa pili, watu wanaacha kukuamini.

Mwaka 1912 hatukuuokota hewani. Barafu ya Kibo ilichorwa ramani mwaka huo, na watafiti hurudi kwenye ramani hiyo wakitaka kulinganisha. Wakati huo eneo la barafu lilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 kiasi cha asilimia 85 ya eneo hilo kilikuwa kimetoweka, zimebaki pungufu ya kilomita mbili za mraba. Sababu ni zaidi ya moja: dunia kupata joto, hewa ya huko juu kukauka, theluji inayoanguka kupungua. Wanasayansi bado wanabishana ipi ina uzito kiasi gani, na sisi hatukuwa na haja ya kuamua ubishi wao ndani ya kihamba.

Sasa kosa letu kubwa. Skripti ya kwanza ilisema barafu ikiisha mfongo unakauka, bibi anahama, mwisho. Tulimpa mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia aisome. Alisoma mpaka mwisho akiwa kimya, akavua miwani, akauliza: "Nani amewaambia maji ya mfongo yanatoka kwenye barafu?"

Sote tulikuwa tunaamini hivyo tangu utotoni. Kumbe sehemu kubwa ya maji yanayoshuka kwenye mito na mifongo yetu yanatoka kwenye ukanda wa msitu. Upande huu wa kusini, ukifika mita 2,000 na kitu hivi, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na juu ya hiyo miti iliyojaa kuvumwani, vile vindevu vinavyoning'inia matawini, inakamua ukungu kama mtu anayekamua kitambaa. Barafu ya kule juu ni kidogo, na nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Wa kuogopewa zaidi kwa upande wa maji ni moto, kama ule wa Oktoba 2020 uliowaka siku kadhaa mlimani, pamoja na msumeno. Wazee wa huku bado wanautaja ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili watu wapate kuni na mbao bila kuingia msitu mkubwa. Kumbe walikuwa na hesabu zao.

Tulinuna siku mbili, kisha tukaona mzee ametupa mwisho mzuri kuliko wetu. Mgeni anapanda juu kufuata barafu na kurudi mikono mitupu. Bibi anamhurumia, anampa maji ya mfongo anywe. Anakunywa, macho yanamtoka. "Haya mnayatoa wapi?" Bibi anaelekeza kidole si kwenye kilele bali chini yake, kwenye lile giza la kijani ambalo mgeni hakulipiga picha hata moja. Anaondoka na mche wa mringaringa kwenye kopo la rangi. Hakuna aliyehutubia.

Usiipite hatua hii. Tafuta mtu mmoja anayejua, mwalimu, bwana misitu, mtu wa bonde la maji, umpe skripti na kalamu nyekundu.

3. Vichekesho vitoke hapa hapa

Dakika 11 ni kurasa 11 hivi, ukurasa mmoja kwa dakika. Sisi tuliandika 19, tukafuta.

Kiswahili cha mgeni kilikuwa bahati yetu. Tuliamua amejifunza lugha kwa kunasa redio zetu njiani, kwa hiyo anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Akiumwa na siafu hapigi kelele, anasema, "Taarifa zilizonifikia punde kutoka mguuni ni za kusikitisha." Watoto walikariri mstari huo kabla hatujamaliza kushuti.

Kisha urasimu. Mwenyekiti wa kitongoji hashangai kwamba mtu ametoka nyota nyingine, anashangaa kwamba hana barua ya utambulisho. "Huko kwenu hamna mwenyekiti?" Mzee mwingine anataka kujua ni wa ukoo gani, maana uso wake anaufananisha. Halafu bibi anagundua kwamba ungo umemvunjia migomba mitatu. Mjukuu anamvuta mgeni pembeni na kumfundisha: huku ukikosea huji na maneno, unakuja na sale. Mgeni anarudi na jani la sale, ila amelishika kama antena. Nyumbani Uchaggani sini hiyo haihitaji maelezo, na mtazamaji wa Dar ataelewa kwa kuutazama uso wa bibi.

Ungo wenyewe ulituletea mtihani. Kwetu kitu cha duara kinachoruka usiku kina jina lake la zamani, na hakina uhusiano na sayari. Mlinzi anaona ungo unatua, anakimbia akipiga kelele kwamba wamekuja mchana mchana. Kinachekesha, na tulikiacha. Lakini tulikata mstari uliomshuku bibi. Kuna vikongwe wamepoteza maisha kwa utani wa namna hiyo. Cheka na mlinzi anayekimbia, bibi muache.

Kama mgeni wako haongei kabisa, itazame WALL-E ya 2008 uone roboti anavyobeba sehemu kubwa ya mwanzo karibu bila maneno, kwa shingo na macho tu. Na kabla ya yote tafuta Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, dakika 20 hivi, kuhusu dunia isiyo na maji nje. Si ya kuchekesha hata kidogo, lakini itakuondolea ile dhana kwamba sayansi ya kubuni ni mali ya wenye studio kubwa.

4. Vibali

Inachosha, ifanye mapema. Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayotoa kibali cha kutengeneza filamu, na filamu ikikamilika inapitiwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa au wilaya, atakuelekeza. Mwenyekiti na mtendaji wa kata waone kwa heshima, usiwaletee karatasi tu. Hifadhi ya mlima ina taratibu na ada zake za kushuti, ndiyo maana sisi hatukupiga picha hata moja juu ya geti. Mgeni anapanda mlima kwenye filamu kwa kutoweka nyuma ya migomba na kurudi amechoka. Droni nayo ina vibali vyake vya anga. Tuliacha, tukapanda juu ya paa la jirani.

Mwenye shamba mpe makubaliano ya maandishi hata kama ni shangazi yako. Hasa kama ni shangazi yako.

5. Ungo, mavazi na uchafu wenye kazi

Fundi wa ving'amuzi yeyote ana ungo mbovu nyuma ya kibanda. Omba kukopa. Wetu ulikuwa mdogo, wa kama sentimita 60, na ndio uliotua kwenye shamba zima. Siri ni hii: kamera ya simu ina kihisi kidogo, kwa hiyo vitu vya karibu na vya mbali vinaonekana vizuri kwa pamoja. Funga ungo kwa mshipi wa kuvulia, uning'inize kwenye mwanzi mita moja na nusu mbele ya simu, migomba ikiwa mita 30 nyuma. Kwenye skrini ungo unakuwa mkubwa kama nyumba. Ushushe taratibu mpaka ukingo wake upotee nyuma ya jani lililo karibu. Wakati huo huo vijana wawili waliojificha wanavuta kamba zilizofungwa kwenye migomba ya nyuma ili majani yapigwe na upepo wa injini. Mtu wa tatu anamwaga vumbi mbele ya feni. Ukisogeza simu hata kidogo uongo unafichuka, kwa hiyo hapa stendi ni lazima. Tulirudia mara 14.

Mavazi: viroba vya kilo 25 vilivyogeuzwa ndani nje, pakiti za juisi zilizofunguliwa upande wa fedha, chujio la chai kila sikio, waya wa kufungia nondo. Memorial, soko la mitumba la Moshi, tulipata koti la mvua la kijivu lililofanya kazi yote iliyobaki. Usifungue televisheni ya zamani ya chogo kutafuta vipande, ndani yake umeme unaweza kubaki hata ikiwa imechomolewa siku nyingi. Na hesabu vipande vya pakiti unavyopeleka shambani, uvihesabu tena jioni. Filamu yetu ingekuwa aibu gani kama mfongo ungeshusha foili mpaka kwa jirani?

6. Siku za kushuti

Kibo haikungoji. Siku nyingi inaonekana alfajiri, mawingu yanaifunika kadiri jua linavyopanda, na pengine inafunguka tena jioni. Picha zote zenye mlima zipange saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi. Januari na Februari ni nzuri. Machi mpaka Mei ni masika, utalipa chakula cha watu wanaotazama mvua. Julai kuna baridi na wingu la kijivu linaloweza kukaa wiki, zuri kwa sini za huzuni, baya kwa mgeni anayetafuta kilele.

Saa sita mchana jua liko utosini na nyuso zinakuwa na mashimo machoni. Ingia chini ya migomba, lakini jihadhari na madoa ya mwanga: tandaza shuka jeupe juu, au lishike pembeni lirudishe mwanga usoni. Bonyeza uso wa mwigizaji kwenye skrini na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, la sivyo kila wingu likipita picha inabadilika rangi. Futa lenzi kwa pindo la kanga safi kabla ya kila sini. Weka simu kwenye hali ya ndege. Sisi tulipoteza machozi bora ya bibi kwa sababu mtu alipiga kuulizia hela ya mchezo.

Kama simu yako ina mpangilio wa kitaalamu, tumia fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukienda kinyume taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye video. Kwa ubora wa video, 1080p inatosha. 4K itajaza simu kabla ya chakula cha mchana.

Sauti ndiyo inayowaumbua wengi. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, hatavumilia sauti ya mbali. Chukua simu ya pili, uiwashe kurekodi, uiweke mfukoni mwa mwigizaji maikrofoni ikitazama juu, na uifunike kipande cha sponji kuzuia upepo. Piga kofi moja mbele ya kamera kila mnapoanza, litakusaidia kuoanisha sauti na picha. Kabla ya kuondoka mahali, wote nyamazeni nusu dakika mrekodi ukimya wake: ndege, mfongo, pikipiki ya mbali. Utauhitaji kuziba mapengo.

Na mfongo. Siku ya sini ya maji tulifika tukakuta tope. Zamu ilikuwa ya watu wa upande wa pili, na zamu ya mfongo haiombwi kwa sababu una kamera. Mzee anayesimamia mfongo alitucheka, akatupangia Alhamisi. Mwone huyo mtu kabla hujapanga ratiba, na umbebee kitu.

Fedha nyingi ilikwenda kwenye chakula. Acha iende. Watu wenye njaa hawachekeshi.

7. Kuediti

Programu ya CapCut kwenye simu ilitutosha. Kata kila sini mapema kuliko unavyotaka, hasa baada ya kicheko: mtu akimaliza kusema jambo la kuchekesha, mwonyeshe anayesikiliza, si aliyesema. Sauti ya injini ya ungo ni cherehani ya mama yangu iliyopunguzwa kasi. Sauti ya mlango wake ni kifuniko cha sufuria. Muziki uwe wa kwenu au wa mtu aliyewapa ruhusa kwa maandishi. Pale bibi anapoongea Kichagga tuliweka maandishi ya Kiswahili chini, isipokuwa mahali pamoja ambapo anamsema mgeni. Wanaojua watacheka, wasiojua watauliza.

8. Kuonyesha

Usianzie mtandaoni. Onyesha kwanza kwa wenye shamba. Tuliazima projekta, tukafunga shuka kwenye ukuta wa darasa, baada ya kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, tukaanza saa 1 na nusu usiku giza lilipokamilika. Chukua spika kubwa kuliko unayodhani inatosha. Kibanda umiza cha karibu kinafaa pia, ila kubaliana na mwenyewe siku ambayo hakuna mechi.

Kaa nyuma, na usitazame skrini, watazame watu. Pale walipoanza kuongea na jirani palikuwa parefu, na siku iliyofuata tulipunguza sekunde 40. Pale mgeni alipouliza "Nyingine mmeiweka wapi?" mzee mmoja alijibu kwa sauti, "Ulizeni wajukuu," na wajukuu wakajibu, "Ulizeni wazee." Ubishi ukadumu mpaka majina ya mwisho yalipopita, na tukalazimika kuirudia filamu yote kwa sababu hakuna aliyesikia mwisho wake.

Majina hayo yaandike yote: aliyevuta mgomba, aliyepika, aliyetoa zamu. Watu wanayasoma kuliko unavyofikiri.

Ungo haukurudi kwa fundi. Bibi aliomba abaki nao, na fundi akasema ulishamshinda. Ameugeuza juu ya mafiga matatu nyuma ya jiko, ametandika kiroba kisafi, anaanikia kimea cha ulezi wa mbege.